Gari Ukishaliinua, Usisahau Kulinyoosha Magurudumu

Msimu wa baridi ukikaribia hapa Oman, vijana wetu huanza kuinua gari zao. Springi mpya, shokapu ndefu, tairi za inchi 33 au 35, na Ijumaa moja tu gari iliyokuwa ya kupelekea watoto skuli imekuwa juu kama ngamia. Hakuna ubaya. Anayekwenda mchanga wa Sharqiya kupitia Bidiya, au anayepanda Jebel Akhdar, ambako polisi pale Birkat al-Mouz hawapitishi gari isiyokuwa foo-wili, anajua faida ya urefu. Lakini kuna kazi moja inayofuata ambayo wengi huiacha, nayo ni kupanga magurudumu ya mbele yaelekee panapotakiwa.

Mtoto wa dada yangu ana Patrol ya Y61. Aliinua inchi 2, akatembea nayo wiki tatu, kisha akanijia: "Mjomba, usukani umekaa upande, na nikifika mia na ishirini gari inatangatanga." Gereji aliyokwenda walimwambia anunue tairi nyingine. Wiki ile alikuwa ampeleke mama yake na watoto Sur, harusini. Nikamwambia, Sur huendi kwa gari hii mpaka tuipime. Tukaipima hoshini kwangu, kwa futi kamba na vipande viwili vya bomba la alumini.

Pembe tatu

Nilifundisha hisabati miaka mingi, kwa hivyo niruhusuni nieleze kwa mwili wa binaadamu. Simama uangalie miguu yako. Vidole vikielekeana ndani, au vikitazama nje, hiyo mafundi wanaiita toi. Miguu ikiwa na matege, yaani gurudumu limelala ndani au nje kwa juu, hiyo ni kemba. Ya tatu, kasta, ni ule mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu linageukia juu yake. Tazama uma wa mbele wa baiskeli, haukusimama wima, umelala kidogo. Mlalo huo ndio unaofanya usukani urudi wenyewe baada ya kona.

Sasa jua gari yako ni ya namna gani. Patrol Y61, Land Cruiser za 80 na za 70, na Jeep Wrangler zina ekseli nzima mbele, kipande kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwa hizi, kemba haibadiliki kwa kuinua. Kinachopungua ni kasta, kwa sababu ekseli ikishuka huzunguka kidogo kufuata mikono inayoishika. Inchi 2 zinaweza kula digrii 2 hivi, kutegemea urefu wa mikono hiyo. Usukani nao hukaa upande, kwa kuwa fimbo inayotoka kwenye sanduku la stelingi imebadilika mlalo wake. Toi yenyewe huharibika zaidi pale tairodi ilipofunguliwa, ilipopinda kwa jiwe, au ilipochakaa.

Prado, Hilux, FJ Cruiser, Land Cruiser 200 na 300, na Patrol ya Y62 ni nyingine. Kila gurudumu la mbele linajitegemea, na ukiinua, pembe zote tatu huhama pamoja. Wenye gari hizi wanaweza kupima toi nyumbani ili wafike gereji bila ya kumaliza tairi, lakini kemba na kasta zinataka mashine.

Kwa nini milimita chache zina maana

Chukua hesabu hii. Kila tairi ya mbele ikiwa imepinda milimita 3 katika urefu wa sentimita 80, basi kwa kila kilomita moja inaburuzwa ubavu karibu mita 4. Kutoka Muscat hadi Salalah, safari ya kilomita kama 1,000, tairi imeburuzwa karibu kilomita 4 juu ya lami ya moto. Pitisha kiganja juu ya tairi kwa upana. Ikiwa upande mmoja ni laini na ukirudi unakwaruza kama magamba ya samaki, ujue ndiyo hiyo. Na tairi iliyoliwa ukingo, katika joto la Julai, na familia ndani, si jambo la kufanyia mzaha.

Kabla ya kupima

Subiri baada ya Alasiri, jua lipungue. Tafuta sakafu iliyo sawa. Ikiwa umetoka mchangani na tairi ulizishusha mpaka pauni 15, zijaze kwanza, na mbili za mbele ziwe sawasawa. Kisha piga jeki, weka gari juu ya stendi, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au mbao, na tikisa kila gurudumu la mbele, juu na chini, kulia na kushoto. Likicheza, tafuta sababu: bearingi, boljointi, ncha za tairodi, au bushi. Kupima gari yenye vitu vilivyolegea ni kama kupima nguo juu ya mtoto asiyetulia. Utapata namba, lakini si namba ya kweli.

Shusha gari, nyoosha usukani, halafu isogeze mbele mita kama 5 uiache isimame yenyewe. Usipime mara tu baada ya kutoa jeki, kwa sababu tairi zinakuwa hazijakaa.

Kupima

Chukua mabomba mawili ya alumini ya mraba yaliyonyooka, marefu kuliko tairi. Katika kila moja tia alama mbili, na nafasi baina yao iwe ni kipenyo cha tairi ya asili ya gari yako, sio hii kubwa uliyoiweka. Sababu ni kwamba milimita zilizoandikwa katika kitabu cha gari mara nyingi zilihesabiwa kwa tairi ya asili. Ukipima kwenye ukingo wa tairi kubwa, milimita zile zile zinakuwa pembe ndogo zaidi.

Pandisha kila bomba juu ya makopo mawili, liguse ubavu wa tairi mbele na nyuma, chini kidogo ya kitovu cha gurudumu, bila ya kukaa juu ya maandishi yaliyovimba. Hapa unahitaji mtu wa pili ashike ncha ya futi. Pima baina ya alama za mbele, kisha za nyuma. Tuseme mbele ni sentimita 190.2 na nyuma ni 190.5. Vidole vimeelekea ndani milimita 3. Sasa sogeza gari mbele mpaka tairi izunguke nusu, upime tena, na uchukue wastani. Hivyo rimu iliyopinda haitakudanganya.

Gari nyingi za ekseli nzima hutaka kati ya sifuri na milimita chache za ndani. Kipimo cha gari yako kimo katika kitabu chake. Kifuate hicho.

Kurekebisha

Tazama chini: tairodi iko nyuma ya ekseli au mbele yake? Ikiwa nyuma, kama kwenye Patrol Y61, ukiirefusha vidole vinaingia ndani. Ikiwa mbele, kama kwenye Wrangler, ukiirefusha vinatoka nje. Legeza klempu au nati za pande zote mbili, uizungushe fimbo yenyewe. Zungusha kidogo sana. Robo ya mzunguko inaweza kuhamisha milimita 3 au 4 kwenye tairi. Kila ukizungusha, sogeza gari, pima tena. Ukimaliza, kaza kwa nguvu iliyoandikwa kitabuni.

Baada ya hapo ndipo unashughulikia usukani uliokaa upande, na dawa yake ni kurefusha au kufupisha ile fimbo ya kutoka sanduku la stelingi. Usithubutu kuchomoa usukani wenyewe na kuurudisha umenyooka. Sanduku litakuwa halimo tena katikati, na ndani ya usukani mna begi la hewa. Gari zenye kompyuta ya kuzuia kuteleza huenda zikahitaji kihisi cha usukani kiwekwe upya.

Toi haiponyeshi kila kitu

Ile Patrol, baada ya kuwekwa sawa, usukani ulinyooka na tairi zikaacha kulia. Lakini katika mwendo iliendelea kutafuta njia, na baada ya kona usukani ulirudi kwa uvivu. Hiyo ni kasta. Hapo hakuna cha kuzungusha. Kunatakiwa bushi maalumu zilizotobolewa pembeni, au vipande vya kushusha mikono ya ekseli, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye mashine. Nilimwambia kijana aweke bushi hizo kwanza, na mama yake alikwenda Sur kwa gari ya kukodi. Alinung'unika kidogo, kisha akakubali.

Basi wazee wenzangu, kijana wenu akija na gari iliyoinuliwa, msimuulize bei ya springi peke yake. Mwambieni alete futi kamba, mshike ncha moja naye ashike ya pili. Namba mtakazopata ziandikeni, muende nazo gereji, ili fundi ajue anazungumza na watu waliopima. Na mkifanya upya mulkiya, hakikisheni mapema kwamba mabadiliko ya gari yanaruhusiwa. Safari njema, na Mungu awafikishe salama.