Mama Hawa na hesabu ya senti 47

Mwaka 2012 Hawa Aden Mohamed, Msomali anayejulikana zaidi kwa jina la Mama Hawa, alipewa Tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR. Mwaka huo tuzo hiyo iliambatana na dola 100,000. Kwa masikio ya wengi wetu, huo ni utajiri. Lakini kituo chake cha elimu mjini Galkayo, Puntland, kilikuwa kimewahudumia zaidi ya watu 215,000 tangu 1999, wengi wao wakimbizi wa ndani na walioumizwa na vita. Gawanya: kila mmoja angeambulia fungu lisilofika senti 47 za dola.

Igeuze hesabu hiyohiyo upande wa pili. Watu 215,000 kwa miaka 13 ni kama watu 45 kila siku, Ijumaa na sikukuu zikiwemo.

Hata hivyo, wastani hudanganya. Aliyesaidiwa mara moja wakati wa njaa anahesabiwa mtu mmoja. Yatima aliyelelewa na kusomeshwa miaka kadhaa naye anahesabiwa mtu mmoja. Gharama kubwa iko kwa huyu wa pili: mwalimu, chakula na malazi hulipiwa kila mwezi, ilhali tuzo huja mara moja.

Kuna gharama ndogo zinazoamua makubwa. Msichana akikosa shule siku 4 kila mwezi kwa sababu ya hedhi, katika miezi 9 ya masomo amepoteza siku 36. Kwa mwaka wa siku 180 za darasani, hiyo ni moja ya tano. Ndiyo maana kituo cha Mama Hawa kilishona pia taulo za kike za kufua na kutumia tena. Kwangu mimi, hakuna dola iliyotumika vizuri zaidi ya hiyo.

Mama Hawa alikuwa amepata hifadhi Kanada, akarudi Somalia mwaka 1995 vita vikiendelea. Dada yake alifariki akiwa na miaka 7 baada ya kukeketwa. Si yeye pekee aliyepitia hayo: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikuta asilimia 99 ya wanawake wa Somalia wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Namba hiyo haishushwi na hundi moja, hata iwe nono vipi. Mfadhili anayeuliza kila mtu anagharimu kiasi gani, aulize kwanza atalipa mishahara ya walimu kwa miaka mingapi.