Albamu ya Sarafu Zenye Tundu

Mkaaji wa Nanyuki aliyerithi kwa babu yake sarafu zenye tundu zilizotungwa uzini, za kabla Kenya haijatoa zake mwaka 1966, huenda akatamani kuziweka katika albamu. Yampasa kwanza apime vifuko, maana senti kumi ile ni pana kuliko shilingi yenye simba. Aichunguze sana ya 1936 yenye jina la Edward VIII: mfalme huyo hakutimiza mwaka katika enzi, wala uso wake haumo, kwani penye tundu sura haikuwa na mahali. Vifuko vya plastiki laini yenye harufu kali asivikubali hata vikiwa rahisi. Plastiki ya PVC hutoa majimaji ya kijani yalayo shaba. Wala asizisugue kwa mchanga na ndimu, kama tulivyofanya utotoni. Rangi yake ya uzee ikitoka hairudi.