Maana ya Athari: Mfano wa Mikarafuu ya Ole

Neno "athari" hutumika kila siku, na aghalabu hutumika kwa namna isiyo sawa. Ikitangazwa kwamba ukame umeleta athari, msikilizaji huelewa mara moja kwamba umeleta madhara, kana kwamba maneno hayo mawili yalizaliwa tumbo moja. Sivyo. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ya asili ni alama inayobaki baada ya kitu kupita, mfano wa unyayo wa mtu mchangani. Alama hiyo yaweza kuwa ya heri au ya shari, au isiwe na lolote kati ya hayo. Kwa mwanasayansi maana hiyo ya asili ndiyo yenye manufaa zaidi, kwa kuwa humlazimisha aulize ni kitu gani kilichopita, kilipita kwa njia gani, na kile kilichopitiwa kilikuwa katika hali gani. Swali hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa mara nyingi.

Mgeni afikaye Ole, kaskazini ya mji wa Chake Chake katika kisiwa cha Pemba, huiona mikarafuu na huweza kudhani kwamba imekuwapo hapo tangu kuumbwa kwa dunia. Lakini mkarafuu ni mgeni Pemba. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo sasa Indonesia. Katika karne ya 18 Wafaransa waliuhamishia katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ukaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Pemba nayo ilipandwa, lakini kwa muda wa miaka mingi mashamba makubwa yalikuwa Unguja. Jambo lililoupindua mpango huo lilitukia katika siku moja.

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Tukio la namna hiyo ni la nadra sana katika sehemu hizi, na sababu yake yaeleweka. Ili pepo za baharini zijikusanye na kuzunguka kuwa kimbunga, haitoshi maji ya bahari kuwa na joto. Huhitajika pia nguvu itokanayo na kuzunguka kwa dunia, ambayo huupinda upepo kutoka katika njia yake iliyonyoka. Nguvu hiyo haipo kabisa katika mstari wa ikweta, nayo huongezeka kadiri mtu aendavyo kaskazini au kusini. Pemba iko yapata digrii 5 tu kusini ya ikweta, na Unguja digrii 6. Kwa hiyo vimbunga vingi vya Bahari ya Hindi huzaliwa mbali zaidi kusini, na huelekea Madagaska, Msumbiji au Morisi. Aidha, pepo kali kuliko zote huwa karibu na kitovu cha kimbunga, na ukali huo hupungua upesi kwa masafa. Pemba, iliyo umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Unguja, haikupata maafa ya kiasi kile.

Hapa ndipo penye fundisho la ajabu. Upepo uliivunja Unguja, bali alama yake ya kudumu iliandikwa Pemba, mahali ambapo upepo wenyewe haukuharibu sana. Njia ya athari haikuwa hewa tena, bali bei. Karafuu zilipoadimika bei ilipanda, na wenye mali wakageukia ardhi ya Pemba. Mkarafuu huchukua miaka 6 hadi 8 kabla ya kuanza kuzaa, hivyo mavuno ya miti iliyopandwa baada ya tufani yalionekana kuelekea 1880. Kabla ya karne kwisha Pemba ilikuwa imekwisha kuipita Unguja kwa mbali katika zao hili, na hali hiyo haijabadilika hadi leo.

Je, tufani peke yake ndiyo iliyofanya hayo? Lau Pemba ingekuwa kisiwa kikavu cha mawe, bei ingepanda na hakuna mti mmoja ambao ungeota. Ilikuwapo mvua, nyingi kuliko ya Unguja. Ulikuwapo udongo wenye kina. Ilikuwapo miti iliyosalimika, ambayo ilitoa mbegu. Tena, jambo ambalo si haki kulipitia kimya, ilikuwapo kazi ya watumwa. Mkataba wa Juni 1873 ulipiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba hadi 1897, na katika miaka hiyo 24 watu waliendelea kuvushwa kwa siri kuletwa katika mashamba. Anayeisimulia habari ya mikarafuu kwa kutaja upepo na bei tu huwa ameiacha nje mikono iliyochimba mashimo.

Sheria hiyohiyo, kwamba athari hutegemea mpokeaji na kiasi, huonekana ndani ya karafuu moja iliyokauka. Kiasi cha asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake ni mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kemikali iitwayo yujenoli. Mtu anayeumwa jino akiitafuna karafuu, yujenoli hupenya katika neva na kuzuia chembe za sodiamu zisipite katika vijia vyake, na bila ya chembe hizo habari ya maumivu haifiki katika ubongo. Ganzi hiyo hupatikana kwa tone dogo. Mafuta yaleyale yakizidi huunguza ufizi, na mtoto mdogo akiyanywa yaweza kulidhuru ini lake. Dawa haikugeuka; kilichogeuka ni kiasi na mwili ulioipokea.

Ole imepata kuathiriwa pia na jambo lililo mbali zaidi kuliko tufani ya Unguja. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar alikuwa Indonesia, ambako watu huvuta sigara zilizochanganywa na karafuu, ziitwazo kretek. Nchi hiyo ilipoeneza mashamba yake mwenyewe, na katika miaka ya 1980 ikakaribia kujitosheleza, bei ya dunia iliporomoka. Mkulima wa Pemba hakubadili chochote katika uchumaji wake wala uanikaji wake juu ya majamvi. Hata hivyo pishi yake ilipungukiwa na thamani kwa sababu ya miche iliyopandwa miaka kadhaa kabla upande wa pili wa bahari. Athari ilikuwa imekwisha kuanza safari wakati alipokuwa bado akiuza kwa bei nzuri.

Ucheleweshaji wa namna hii ndio mgumu zaidi kwa mkulima kuupimia. Mapema Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia, mbali kusini ya Pemba, na habari zake zilijulikana kabla hakijafika, kwa kuwa setilaiti huuona upepo ungali baharini. Chombo cha kuiona bei ya karafuu ya miaka minane ijayo hakijapatikana, na mche unaotiwa ardhini Ole msimu huu utachumwa kwa bei hiyo.