KAZI YA MWALIMU WA WASAIDIZI WA SHERIA

Watumishi wa Serikali na wananchi wa Unguja na Pemba wanafafanuliwa hapa kazi ya mwalimu anayewafunza wasaidizi wa sheria, ambao huduma yao inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2018.

Somo la kwanza ni mpaka wa kazi. Msaidizi wa sheria si wakili. Huelimisha, hushauri na humwelekeza mtu penye haki yake. Hasimami mahakamani kumtetea.

Somo la pili ni kusikiliza. Akija mjane kuulizia nyumba ya marehemu mumewe, mwanafunzi hufundishwa aulize kwanza: Je, marehemu ameacha deni? Ameacha wasia? Warithi ni nani? Kwa Waislamu, mirathi haigawanywi kabla ya kulipwa deni na kutekelezwa wasia. Na fungu la mke ni thumni iwapo marehemu ameacha mtoto, ama robo asipoacha. Kisha mjane huelekezwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, au kwa Kadhi pakiwa na mgogoro.

Mwanafunzi akibahatisha hapo, mjane huweza kutia dole gumba katika waraka asioufahamu, akapoteza makaazi yake na ya wanawe. Ndipo mwalimu akasisitiza kuwa kusema "sijui, nitauliza" ni bora kuliko jawabu la kukisia, na kwamba siri ya mtu ni amana.

Wananchi nao wanakumbushwa wasitie saini waraka wowote wa mirathi kabla ya kusomewa na kuufahamu.