Kirusi cha makemba husafiri na chipukizi

Mkulima wa kandokando ya Kisangani akikuta mgomba umedumaa, majani yakiwa mafupi, membamba na yamesongamana kileleni, husema shamba limechoka. Mara nyingi shamba halina kosa. Huo ni ugonjwa wa kirusi usio na tiba, na huenda aliupanda mwenyewe, ndani ya chipukizi alilopewa kwa nia njema.

Ugonjwa huu ulitambuliwa Fiji mwaka 1889. Hapa kwetu ulionekana katika miaka ya 1950 kwenye kituo cha utafiti cha Yangambi, takriban kilomita 100 kutoka Kisangani tukishuka na mto. Hadi leo unaendelea kutunyima makemba, yaani unatunyima lituma mezani na fedha za sokoni.

Mdudu anavyofanya kazi

Kirusi hubebwa na kidukari wa ndizi, mdudu wa rangi ya hudhurungi iliyokolea, urefu wake milimita moja au mbili. Bandua ganda kuukuu la shina karibu na ardhi, utawakuta wamejazana, wakizungukwa na sisimizi wanaofuata majimaji matamu wanayotoa.

Vidukari wanaoeneza virusi vya maharage huonja jani kwa sekunde chache tu, na tayari wameambukiza. Huyu wa ndizi ni mtaratibu zaidi: hufyonza mgomba mgonjwa kwa saa kadhaa ndipo akipate kirusi, lakini akishakipata hukaa nacho wiki mbili au zaidi.

Hata hivyo, hafiki mbali. Uchunguzi uliofanywa Australia ulionyesha kwamba theluthi mbili hivi za maambukizi mapya hutokea ndani ya mita 20 kutoka mgomba mgonjwa. Safari ndefu ni za kwetu sisi: chipukizi linavuka mto kwa mtumbwi hadi Lubunga, au linafungwa juu ya baiskeli kwenda kwa shemeji.

Dalili

Inua jani dhidi ya mwanga. Kwenye kikonyo na kando ya mshipa mkuu utaona vistari na vidoa vya kijani kilichokolea sana. Kingo hugeuka manjano, na jani likikunjwa huvunjika. Mgomba ulioambukizwa ungali mchanga kwa kawaida hauzai. Uliochelewa kuambukizwa huenda ukatoa mkungu uliopinda, lakini watoto wake watadumaa. Ndizi zenyewe hazina madhara kwa mlaji, kwani kirusi hiki hakimwambukizi binadamu.

Hatari kubwa ni kwamba dalili huchukua kati ya siku 25 na 85 kujitokeza. Chipukizi linalopendeza leo laweza kuwa tayari limeambukizwa. Kwa hiyo haitoshi kulitazama lenyewe. Kagua shina mama na migomba yote iliyo jirani.

La kufanya

Anza na wadudu. Mgomba ukikatwa na kuanza kukauka, vidukari huhamia kwa jirani, kwa hiyo kwanza waue kwa dawa ya wadudu au maji ya sabuni, hasa kwenye maganda ya shina na jani changa la katikati. Kisha ng'oa shina zima pamoja na tunguu na watoto wote, ukatekate vipande vidogo vikauke. Kukata kwa panga juu ya ardhi ni kazi bure, maana tunguu litachipua watoto wagonjwa. Rudi shambani kila baada ya wiki chache, ung'oe yanayochipua.

Wanaozalisha miche kwa vipande vya tunguu kwenye banda la unyevu nao wawe macho. Njia hiyo huongeza idadi ya miche, lakini haiondoi kirusi. Tunguu moja gonjwa hutoa miche migonjwa mingi.

Kung'oa migomba yenye majani mabichi kunauma, hasa pale inapolisha familia. Lakini Litete na Libanga Likale, makemba tunayoyaenzi Tshopo, hayana kinga, na hakuna aina ya kemba inayojulikana kuwa nayo. Mmoja aking'oa na jirani akaacha, kazi imepotea, kwa hiyo mtaa mzima ukubaliane siku moja ya kung'oa. Nchini Australia, ambako ugonjwa uliangamiza mashamba katika miaka ya 1920, kilimo cha ndizi kilifufuka kwa njia hizo: kung'oa, kupanda miche safi na kuzuia machipukizi kutoka maeneo yenye ugonjwa.

Hapa kwetu tunaweza kuanza na jambo lisilogharimu hata faranga moja: kabla ya kupokea chipukizi, omba kuonyeshwa mama yake.