UKURASA WA AFYA: Skonzi za Chumvi kwa Chai ya Asubuhi, Bila Magadi

Mwezi huu tunazungumzia chai ya asubuhi. Nyumba nyingi za Arusha na za miteremko ya Mlima Meru huianza siku kwa chai ya rangi yenye sukari nyingi, pamoja na andazi moja au mawili yaliyoelea katika mafuta. Mtoto hutembea nalo hadi shuleni, na saa nne njaa imemrudia. Tunapendekeza skonzi za chumvi za kuoka nyumbani, zenye mtindi na mboga kidogo ndani yake. Hazihitaji hamira wala kusubiri unga uumuke, na jiko la mkaa linatosha.

Tunasema skonzi, tukijua kwamba dukani jina hilo ni la mkate mdogo laini, mtamu, ulioumuliwa kwa hamira. Skonzi ya asili ni kitu kingine. Ilitoka Uskoti, ikiokwa juu ya bamba la chuma lililowekwa motoni, karibu kama tunavyopika chapati. Huko iliumuliwa kwa maziwa yaliyochacha na soda, na jambo hilo la soda ndilo lililotufanya tuandike, kwa sababu katika eneo letu neno soda, au magadi, si dogo hata kidogo.

Kila mkazi wa Meru anajua meno ya kahawia. Wengine huyaona kama alama ya kabila au ya ukoo. Si hivyo. Udongo na mawe ya mlima huu wa volkano yana madini ya floraidi, nayo maji huyachukua yanapopita. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 za floraidi. Utafiti wa mito na chemchemi za miteremko ya Meru, uliochapishwa mwaka 1984, ulikuta miligramu 12 hadi 26 katika mito, na zaidi ya hapo katika chemchemi kadhaa. Floraidi kidogo huyasaidia meno. Ikizidi, huyaharibu yakiwa bado yanajengwa ndani ya ufizi, yaani tangu utoto mchanga hadi kama umri wa miaka 8. Jino likishaota na madoa yake, hakuna mswaki wala dawa ya meno itakayoyaondoa. Na kiasi kikiwa kikubwa kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika: miguu ya watoto hupinda, na mgongo na viungo vya watu wazima hukakamaa. Wanaofahamu vijiji vya Ngarenanyuki wameyaona hayo kwa macho yao.

Sasa magadi. Wengi hufikiri hatari iko katika maji peke yake. Lakini magadi yanayochotwa kandokando ya maziwa ya chumvi na katika mabonde makavu ya kaskazini, yale ya kulainishia maharage na kande, huweza kubeba floraidi nyingi sana, na kiasi chake hubadilika kutoka fungu moja hadi jingine. Yale ya unga yanayokwanguliwa juu ya ardhi kwa kawaida huwa mabaya kuliko yale ya mawe. Madaktari wa meno walioandika juu ya jambo hili miaka ya 1990 walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata pale ambapo maji hayakuwa na floraidi nyingi, nao wakayanyoshea magadi kidole. Kwa hiyo mama anayetia kipande cha magadi katika unga ili maandazi au skonzi zivimbe, huku akitumia maji ya mto, anaiongeza floraidi mara mbili katika chakula kimoja. Na chai iliyo pembeni inaongeza yake, maana majani ya chai nayo yana floraidi kwa asili.

Hapa tuwe waangalifu na majina. Ukienda Soko Kuu, Kilombero au Tengeru ukaomba "magadi soda", muuzaji mmoja atakupa pakiti ndogo ya unga mweupe laini, mwingine atakupimia mabonge ya kijivu kutoka kwenye gunia. Vitu hivi si kimoja. Ile pakiti ni bekingi soda, iliyosafishwa kiwandani kwa ajili ya chakula, na hiyo ndiyo tunayoitaka. Mabonge yaacheni sokoni. Kuna na soda ya tatu, kostiki soda, ya kutengenezea sabuni: hiyo huunguza koo na tumbo, na isiwekwe kabisa jikoni mahali ambapo mtoto anaweza kuifikia. Nunueni pakiti iliyofungwa na yenye maandishi.

Bekingi soda peke yake haiumui unga vizuri. Inahitaji kitu kichachu cha kupambana nacho. Mtindi unao uchachu huo. Soda na mtindi vikikutana hutoa hewa, nayo hewa hiyo ndiyo inayoinua skonzi. Tena mtindi unachukua nafasi ya maji katika unga, na hapo ndipo penye faida kubwa kwa watu wa Meru. Ng'ombe akinywa maji yenye floraidi nyingi, nyingi ya floraidi hiyo hubaki katika mifupa yake au hutoka kwa mkojo. Katika maziwa huingia kidogo sana. Zaidi ya hayo, kalsiamu ya maziwa hupunguza kiasi cha floraidi kinachofyonzwa tumboni. Asiye na ng'ombe wala hela ya mtindi wa dukani achukue kikombe cha maziwa ya kawaida, akamulie kijiko kimoja cha mezani cha ndimu, na kuyaacha dakika kumi yakatike. Mtindi wa nyumbani utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa kwanza. Homa ya kutupa mimba ya ng'ombe humwingia binadamu kwa njia ya maziwa mabichi, na wafugaji wetu wengi wanaichukulia kama malaria isiyokwisha.

Kwa skonzi kama 16 chukua nusu kilo ya unga wa ngano, yaani vikombe 4. Ukiweza, nusu yake iwe ya unga usiokobolewa, ule wa atta, kwa kuwa ganda la ngano humshibisha mtoto kwa muda mrefu na kumzuia asifunge choo. Tangu mwaka 2011 kanuni za nchi zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe madini ya chuma na vitamini, basi soma mfuko kabla ya kulipa. Changanya katika unga bekingi pauda vijiko 3 vya chai, bekingi soda nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa, na chumvi yenye madini joto nusu kijiko cha chai. Msiongeze chumvi hiyo. Mtu mzima hatakiwi kupita kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa siku nzima, na soda yenyewe inaongeza kitu kile kile kinachopandisha shinikizo la damu. Ladha itatoka kwa kitunguu kimoja kilichokatwa vidogo, karoti moja iliyokwanguliwa na konzi ya giligilani. Mchicha pia unafaa, mradi uukamue maji kwanza.

Tia vijiko 5 vya mezani vya siagi au majarini, uisugue katika unga kwa ncha za vidole mpaka ifanane na chenga za mkate. Vidole viwe baridi, na asubuhi za Juni na Julai huku kwetu hilo si tatizo! Kisha tia mboga. Vunja yai moja katika kikombe kimoja na nusu cha mtindi, koroga, na mimina katika unga. Changanya kwa uma au kijiko hadi vishikane tu, hata kama donge linaonekana limeparuka. Akina mama waliozoea chapati hushindwa hapa: mikono inataka kukanda. Skonzi ikikandwa inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Bonyeza donge kwa kiganja mpaka unene wa vidole viwili, kata kwa glasi iliyopakwa unga, paka maziwa juu.

Wanaoishi juu, pande za Ilboru, Olkokola na kwingineko mlimani, wapunguze bekingi pauda kidogo, viwe vijiko 2 na nusu. Huko hewa ni nyepesi, unga huvimba upesi kisha hutitia katikati kabla haujaiva.

Kuoka ni kwa moto wa juu na chini. Weka mchanga safi, mkavu, kina cha kidole kimoja, katika sufuria kubwa nzito. Funika, upashe jikoni dakika kumi. Panga skonzi katika sufuria ndogo au sahani ya bati iliyopakwa mafuta, iweke juu ya mchanga, funika kwa mfuniko bapa, na juu ya mfuniko weka makaa. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana anayezidisha ya chini huunguza vitako vya skonzi na kuacha vichwa vibichi. Baada ya dakika 15 funua utazame. Kwa kawaida huiva kati ya dakika 20 na 25. Choma njiti katikati: ikitoka kavu, zimeiva. Wenye jiko la gesi tu watumie kikaango kizito cha chapati, moto mdogo kabisa, wafunike na kugeuza, kama dakika 8 kila upande. Hizo zitakuwa bapa kidogo, na zitakuwa karibu zaidi na zile za Uskoti.

Jiko la mkaa liwe nje au penye dirisha na mlango vilivyo wazi. Tunajua baridi ya Meru inavyowashawishi watu kuingiza jiko chumbani baada ya kupika. Moshi wa makaa usioonekana wala kunusa humlaza mtu asiamke. Makaa yakibaki, yazimwe kwa mchanga huko huko nje.

Yuko atakayeuliza: na maji ya chai je? Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiondoki; maji yakipungua kwa kuchemka, ile iliyobaki huzidi kukolea. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa, lililofanyiwa kazi miaka mingi katika kituo cha Ngurdoto, au kutumia chanzo kingine kilichopimwa. Wakazi wa mjini waiulize mamlaka ya maji, AUWSA, kuhusu maji ya mtaa wao; wa vijijini waiulize ofisi ya maji ya wilaya. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi hayana floraidi ya mlima, na kama tanki ni dogo, yawekeni kwa ajili ya watoto walio chini ya miaka 8. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji wala skonzi. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo mno.

Wagonjwa wa kisukari wahesabu skonzi moja, si tatu, kwani unga ni unga hata usipotiwa sukari. Zilizobaki zifungwe katika kitambaa safi; kesho yake zipashwe juu ya kikaango kikavu dakika mbili, zipasuliwe katikati, na mtoto wa shule awekewe yai la kuchemsha au kipande cha parachichi ndani.