Paa Letu na Deni la Hewa Ukaa

Sisi tunaotuma fedha za kujenga nyumbani twaulizana: je, sola ya paani ni duni kuliko mitambo ya makampuni? Kila paneli huzaliwa na deni la hewa ukaa, kwani silika huyeyushwa kwa moto mkali. Mwaka 2014 jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilikadiria wastani wa gramu 41 kwa uniti ya umeme wa paani, na 48 kwa mitambo mikubwa. Umeme wa makaa ya mawe, 820. Mitambo ya ardhini hudai vyuma na zege. Paa letu limekwisha kusimama. Lakini betri huongeza deni. Basi tusinunue betri kupita haja, wala paneli isiyodumu: deni hilo hulipwa kwa miaka ya kazi.